Kamati ya msiba igeuke kamati ya mafuriko: jinsi ya kupanga chakula cha dharura mtaani (kwa wa Dar, hasa sie wa pwani na mabondeni)

Dar hii akifariki mtu usiku wa manane, kufika saa tatu asubuhi turubai lishafungwa, viti vya kukodi vishashushwa, kuna mtu na daftari anaandika michango, masufuria makubwa yako kwenye mafiga nyuma ya nyumba na kina mama wanachambua mchele bila hata kuitana. Watu mia mbili wanakula siku tatu na hakuna aliyeandika andiko la mradi wala kusubiri semina. Sasa mtaa huo huo maji yakiingia ndani kila mtu anakuwa kivyake, unakuta mtu kapandisha watoto juu ya meza wanalala na njaa na nyumba ya nne kutoka hapo kuna gunia la mchele halijaguswa, kisa tu hakuna anayejua nani ana nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msiunde kamati mpya. Kamati mpya zinakufa kikao cha tatu, soda zikiisha. Chukueni wale wale wa msibani, yule mama anayepika kwa kilo ishirini bila kuunguza, yule mzee wa daftari ambaye hakuna anayemtilia shaka kwenye hela, wale vijana wa kubeba maturubai, mkae nao mziangalie tofauti za msiba na mafuriko. Tofauti ni chache ila ndo zinaua. Msibani soko lipo wazi, mafuriko soko halifikiki. Msibani maji ya bomba yapo, mafuriko maji yote yamechanganyika na ya chooni. Msibani kuni kavu. Na msibani wapishi hawajafiwa wote, ila mvua ikija inaweza kuingia kwa mpishi mkuu mwenyewe. Kazi yote nitakayoeleza hapa ni kuziba hayo mashimo manne.

Kama kuna mtu anasema mbona kwetu hakujai maji, sawa, ila kumbuka chakula cha Dar kinatoka mbali. Mchele unatoka Mbeya na Morogoro huko, mahindi na maharage nyanda za juu, vingi vinapita barabara ya Morogoro kupitia Chalinze na Kibaha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia na pwani ya kusini, boti za Zanzibar zilisimama na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Mchicha na matembele mengi ya mjini yanalimwa mabondeni, Msimbazi na kwingine, kwa hiyo mboga ndo kitu cha kwanza kupotea. Huhitaji maji yafike mlangoni kwako ndo ukose cha kupika.

Hesabuni vyumba, msihesabu nyumba

Hapa ndo mitaa mingi inakosea. Nyumba ya Kiswahili moja ina vyumba sita, kila chumba familia, halafu orodha ya mtaa inaandika "kwa Mzee fulani" basi. Wapangaji wanaachwa. Hata msibani mpangaji mgeni mara nyingi hayupo kwenye daftari la michango, na mafuriko ndo hivyo hivyo, wa kwanza kusahaulika ni yule aliyehamia juzi na analipa kodi ya mwezi mwezi kwenye chumba cha bondeni kwa sababu ndo cha bei nafuu. Piteni chumba kwa chumba, watu wawili wawili, mmoja awe mwanamke maana mchana wanaokutwa ni kina mama. Andikeni wako wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, mjamzito, mzee asiyeweza kutembea mwenyewe, mlemavu, na mtu anayetumia dawa kila siku. Hilo la mwisho msiandike ni dawa gani, andikeni tu "dawa ya kila siku" ili siku ya kuhama mtu akumbushwe kubeba. Orodha ikae kwa watu wawili, isirushwe kwenye grupu la WhatsApp jamani.

Mkiwa mnapita waulizeni wazee maji ya 2011 yalifika wapi. Ile ya Desemba 2011 iliua watu zaidi ya 40 Dar na waliohamishwa mabondeni walipelekwa Mabwepande, kwa hiyo wenyeji wengi wanaikumbuka vizuri, atakuonyesha mpaka alama ukutani. Chorea kwenye ramani. Kuna kazi kubwa ilishafanyika, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro, njia na nyumba za kata nyingi za Dar, na ramani zake zipo bure kwenye OpenStreetMap, chapisheni mtaa wenu mweke alama kwa kalamu: wapi panajaa, njia ipi inabaki kavu, shule au msikiti au kanisa lipi liko juu, na kisima kiko wapi.

Hesabu ya chakula chenyewe

Wanaogawa chakula cha dharura duniani wanatumia kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa chakula chetu inakuja hivi kwa mtu mmoja kwa siku: nafaka gramu 400, maharage au choroko gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5, ongeza dagaa na sukari kidogo hapo mtu hatakufa njaa na ataweza hata kuchota maji na kusafisha.

Chukulia kaya 40 zenye watu watano watano, hao ni watu 200. Kwa siku ni kilo 80 za nafaka, kilo 12 za maharage, mafuta kilo 5, chumvi kilo moja. Kwa siku tatu: nafaka kilo 240, yaani mifuko mitano ya kilo hamsini, maharage kilo 36, mafuta ndoo moja ya lita 20 inatosha na inabaki, chumvi kilo 3, dagaa wakavu wekeni kilo 10 mpaka 12. Ukiiangalia hivyo sio mlima. Michango ya buku kwa wiki kwa kaya 40 ni 40,000, kwa mwezi 160,000, bei chekini wenyewe Tandale au Manzese na mnunue baada ya mavuno sio Februari kila kitu kikiwa juu. Na sio lazima muanze na yote, anzeni na ya siku moja, stoo yenye mifuko miwili ni bora kuliko mpango wa mifuko mitano kwenye karatasi.

Nafaka gani? Mimi nasema mchele ndo uwe mwingi na sembe kidogo ya uji. Najua watu watasema dona ina virutubisho, ni kweli, ila dona inabaki na kiini cha mahindi chenye mafuta na kwa joto na unyevu wa pwani inachacha mapema sana. Mahindi mazima yanakaa vizuri lakini siku hiyo umeme hamna, mashine ya kusaga haifanyi kazi, utayatafuna? Maharage yanakula mkaa na muda, choroko zinaiva haraka, changanyeni. Maharage na choroko wekeni kwenye mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani, ukifunga vizuri wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa. Ila lazima viwe vikavu kabisa kabla ya kufunga, ukifungia unyevu ndani umetengeneza ukungu. Na ukungu kwenye mahindi na karanga usiuchukulie poa, sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kilichoota ukungu kinatupwa, hakioshwi wala kuchanganywa na kizuri.

Stoo isiwe moja. Mkiweka yote sehemu moja maji yakifika pale mmeisha, au mwenye ufunguo kaenda Tanga kwenye harusi mmeisha vile vile. Gaweni sehemu mbili au tatu za juu, chumba cha msikiti, ofisi ya kanisa, kwa mtu mwenye nyumba ya juu anayeaminika. Magunia yakae juu ya mapaleti, yasiguse ukuta, na kila stoo iwe na funguo mbili kwa watu wawili tofauti.

Sasa swali ambalo kila kikundi kinalikwama: chakula kitaoza tukingoja mafuriko. Hapa ndo msiba unasaidia. Msiba ukitokea mtaani, pikeni kutoka kwenye stoo, halafu michango ya msiba inanunua mchele mpya wa kurudisha kiasi kile kile kabla ya arobaini. Unaotoka ni ule wa zamani, unaoingia mpya unakaa nyuma. Mfiwa kapunguziwa presha ya kukimbia sokoni asubuhi na stoo haizeeki. Miezi miwili mitatu ikipita bila msiba (Alhamdulillah) basi mama lishe wa mtaa wachukue kwa bei ya kununulia na hela inunue mpya. Mzee wa daftari aandike kila kilo. Kikundi kikifa hakifi kwa njaa, kinafia kwenye kilo tatu za mchele ambazo hakuna anayejua zilienda wapi.

Wavuvi wasiwe watu wa kuitwa mwishoni

Kama mko Kunduchi, Mbweni, Msasani, Mjimwema, Kimbiji, basi nyie mna utajiri ambao wa Mbagala hana. Kaskazi, Novemba mpaka Machi hivi, bahari imetulia na samaki wapo, kusi likianza kuvuma upepo ni mkali na siku nyingi chombo hakitoki. Masika inaangukia pale pale mambo yanapobadilika, yaani mvua nyingi na kipato cha mvuvi kinashuka kwa pamoja. Kwa hiyo dagaa wa stoo wanunuliwe kaskazi, tena kwenye giza, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa na mbalamwezi ikiwaka uvuvi wao unadorora na bei inapanda. Waanikwe juu ya chanja za wavu, sio mchangani, nani anataka kutafuna mchanga, na chanja zinakausha vizuri maana hewa inapita chini. Papa na ng'onda za chumvi nazo zinakaa muda mrefu, ila loweka kwanza kabla hujampa mzee mwenye presha.

Kina mama wanaokausha dagaa kama wana kikundi kilichosajiliwa waulizie halmashauri mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, mgawo wake ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, chanja na mapipa ya kuhifadhia yanaweza kutoka hapo. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukweni, nacho kiwe na mtu kwenye kamati. Wanajua vyombo vingapi vinafanya kazi, nani ana mashine nzima, nani ana maboya na majaketi ya kuokolea. Na wanajua bamvua, zile siku bahari inajaa kupita kawaida. Hili watu wa ndani ya mji hawalifikirii: mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, bahari ikijaa, maji ya mto hayana pa kutokea, yanarudi nyuma, ndo unaona pale Jangwani na Salender panakuwa vile. Mvuvi mzee atakwambia bila simu kwamba Alhamisi saa kumi maji yanajaa sana, basi Alhamisi saa nane watoto na wazee wawe wameshatoka bondeni. Ila mitumbwi isipelekwe kwenye maji ya mto yanayokimbia kwa ushujaa tu, ile sio bahari, kuna mabati na nyaya chini. Zimamoto na Uokoaji namba yao ni 114, polisi 112, bure.

Maji na jiko

Kunywa na kupika mtu mmoja anahitaji kama lita 3 kwa siku, na kuoga na kufua ni kando. Watu 200 ni lita 600, siku tatu lita 1,800. Simtanki moja la lita 2,000 sehemu ya juu limemaliza, na mngekuwa nalo mwishoni mwa 2022 ule mgao wa maji Ruvu ilipopungua lingewafaa hata bila mafuriko. Lijazwe likae limefungwa, mlitumie na kulijaza upya mara kwa mara.

Likiisha, maji ya kisima kilichofikiwa na mafuriko hayanywewi hivi hivi. Chuja kwa kanga safi iliyokunjwa, chemsha mpaka yatokote sawasawa, au weka vidonge vya kutibu maji kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Pia wa Kigamboni na fukwe za kaskazini mjue kuchemsha wala vidonge havitoi chumvi, kisima kikigeuka cha chumvi tafuteni kingine. Kipindupindu hakingoji, kwa hiyo mpishi mwenye kuhara hapiki hata kama ndo bingwa, na ndoo ya kunawia yenye sabuni iwekwe kabla sufuria halijabandikwa. Mtu akianza kuhara, mchanganyiko wa haraka kama hamna pakiti za dukani ni lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mnampeleka kituo cha afya.

Jiko: mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko lake kubwa kwa ajili ya siku ya kwanza, gunia la mkaa lililofungwa kwenye nailoni likaninginizwa juu kwa siku zinazofuata. Masufuria ya shughuli mjue yako kwa nani na yasikae yote kwa mtu wa bondeni. Chakula chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko, unga, mchele, mboga, hata kama gunia limelowa upande mmoja tu, tupa. Inauma najua. Makopo tu ndo yanaweza kuoshwa.

Watoto wachanga wanaonyonya waendelee kunyonya, mama ndo apewe sahani kubwa, na mtu akija na maboksi ya maziwa ya kopo kugawa kwa kila mtu mshukuruni mumuombe abadilishe alete sukari, maana maziwa ya kopo bila maji salama ni njia ya kumuua mtoto. Achana pia na wale wa kutaka picha mpokeaji kashika kilo mbili za unga.

Taarifa isipite kwenye voisi noti

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mkubaliane kila moja inamaanisha nini kwa mtaa wenu. Mfano angalizo, simu zichajiwe na simtanki lijazwe. Tahadhari, vitu vipandishwe juu, wazee na wagonjwa wa bondeni wahamie kwa ndugu, vyombo vya baharini vifungwe. Tahadhari kubwa, watu wote wa bondeni wanatoka kukiwa bado mchana na jiko linawashwa kwenye shule. Mtu mmoja, nasema mmoja, ndo anatuma taarifa ya TMA kwenye grupu, wengine wote wakae kimya na zile sauti za "nimeambiwa na shemeji yangu yuko serikalini". Asiye na simu janja afikiwe na kipaza sauti cha msikiti, na vijana wa bodaboda wa kijiweni wapewe kila mmoja kichochoro chake. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilipungua nguvu kabla ya kufika na watu wakacheka, miaka mitatu baadaye Hidaya kikaja kweli. Kuhama bure mara moja hakuna hasara ya maana.

Serikali ya mtaa na hela

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa mwambieni mapema, kistaarabu, majina yenu yaingie kwenye muhtasari wa kikao kama wasaidizi wa hiyo kamati. Faida yake ni moja kubwa: shule ya msingi haifunguliwi usiku kwa kuombwa na kikundi cha kina mama, inafunguliwa kwa mtendaji kumpigia mwalimu mkuu. Pateni hiyo namba na ruhusa mvua ikiwa bado. Msalaba Mwekundu nao wana wajitolea Dar, waombeni waje wawafundishe huduma ya kwanza.

Hela iwekwe kwenye akaunti ya kikundi ambayo kutoa inabidi watu watatu waidhinishe. Anayeshindwa kuchangia buku achangie nguvu, kubeba maji au kulima mchicha kwenye viroba vya juu, unavunwa ndani ya wiki tatu nne na mtaa unakuwa na mboga ambayo Msimbazi haiwezi kuifikia.

Kisha fanyeni jaribio, Jumamosi moja ya Februari kabla ya masika na nyingine Septemba kabla ya vuli. Masharti: hakuna kwenda sokoni, hakuna bomba, hakuna umeme, mpishi mkuu mwambieni akae pembeni aangalie tu, na mwenye ufunguo mmoja ajifanye kasafiri. Pikeni kwa watu mia moja mkipima saa kuanzia mesej ya kwanza mpaka sahani ya mwisho. Mtagundua ufunguo wa pili haufungui, upawa hakuna, kiberiti kimelowa, na chumba cha wapangaji kule nyuma hakijaambiwa. Mzee wa daftari aandike yote hayo na jina la mtu wa kurekebisha kila kimoja, na asome orodha hiyo kikao kinachofuata kabla ya kufungua mambo mengine.